Tulipima Maziwa, Hatukumtazama Mtoto

Nimestaafu. Msicheke. Nina miaka ishirini na tisa, na katika kazi ya utafiti wa miti shamba huo ni uzee, kwa sababu wanaobaki zaidi ya hapo ama huwa mabosi ama huwa wagonjwa wa mgongo. Miaka sita nimezunguka Langoni na Mkomani, mitaa ya hapa Lamu, na begi mgongoni na mizani mkononi, nikiwauliza kina mama wanachemsha nini, wanakunywa nini, na kimewasaidia wapi. Majani, mizizi, maganda, mbegu, mpaka moshi nimeuulizia.

Wiki hii wasichana watatu wa mtaani kwetu wamenijia. Wote wamemaliza fomu foo, wote wameona tangazo kwamba wanatafutwa wasaidizi wapya. "Dada Mwanaheri, tupe siri za kazi." Nikawaambia warudi kesho. Kisha nikaona nikizungumza nitapiga kelele mpaka watu watoke madirishani, bora niandike. Basi hii ni yenu nyinyi watatu, na ya mwengine yeyote atakayepewa fulana yenye nembo na kuambiwa sasa yeye ni mwanasayansi. Nitawafunza kazi. Na nitawaeleza nilivyokaribia kumuua mwanangu kwa njaa, huku nikijaza fomu vizuri kabisa, kwa kalamu nyeusi, bila kufutafuta.

Tuanze na mimea, kwa sababu watafiti ndipo wanapoanza, na wengine hawatoki hapo mpaka wanazikwa.

Mmea ukiukata, uulaze katikati ya magazeti na uuwekee kitu kizito. Magazeti yabadilishwe kila asubuhi. Msiwasikilize watu wa bara wakisema kila siku ya tatu. Hewa yetu ina maji, jani litaota ukungu na huko Nairobi wataandika kwamba ukungu ndio dawa. Kitu kizito mimi nilitumia godoro la mama yangu, na yeye juu yake. Alivumilia miezi mitatu, kisha akasema amechoka kulala juu ya shamba.

Majina yana kazi yake. Mmea mmoja una majina matatu, na jina moja lina mimea mitatu, na kila mwenye nyumba ataapa kwamba jirani yake ndiye mwongo. Usiandike jina mpaka umeshika jani. Na usimuulize mtu, "Je, unatumia dawa za kienyeji?" Atakwambia hapana, kwa sababu amekuona na fulana ya nembo, anadhani umetumwa na hospitali kuja kumgombeza. Ingia jikoni. Sema, "Ee, mnachemsha nini, kinanukia?" Utaelezwa mpaka ukome.

Na usimuulize mtu mpaka akahisi vibaya kukukosesha jibu. Hili nimelijua Manda, kisiwa cha ng'ambo yetu. Mwaka wangu wa kwanza, msimamizi wetu, Bwana Mutua, mtu wa bara, mpole, mwenye kofia ya jua iliyofungwa kidevuni, alisema tuvuke tukatafute mimea ya dawa. Tukampata mzee mmoja aliyekaa karibu na hoteli. Mutua akamnunulia soda ya baridi na kumuomba atuonyeshe dawa zote anazozijua. Mzee alituonyesha saba za kweli. Soda ilikuwa bado nusu, na Mutua bado ameshika kalamu, sasa yule mzee afanyeje? Akanyanyua kidole akaonyesha maua mekundu kando ya ukuta. "Hiyo?" "Presha." "Na ile ya njano?" "Sukari." "Na hii?" "Hiyo ya wanaume," akasema, akacheka kwa aibu. Tukachuma. Tumo kuchuma akatoka mfanyakazi wa hoteli na mpira wa maji anatupigia kelele: "Nyinyi! Maua ya wageni hayo, nimeyapanda Jumatatu!"

Mutua aliyaandika vilevile. Alisema ujuzi wa jadi huendelea kukua.

Lakini kosa la kucheka ni moja, na kosa la kulia ni jengine. Sikilizeni hili la alhamdulillahi.

Ndani ya fomu ya utafiti wetu wa mwisho, wa maziwa ya mama, kulikuwa na swali: "Kwa kiwango cha moja hadi tano, umeridhika kiasi gani na unyonyeshaji wako?" Swali hilo liliandikwa na mtu ambaye hajawahi kuingia nyumba ya Amu. Unamuuliza mzazi, na nikisema mzazi nakusudia mwanamke aliyejifungua majuzi, yumo ndani ya arobaini yake, amelala kitandani, chuchu zimepasuka, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Unamwambia, "Bi Salma, umeridhika kiasi gani?" Atakujibu nini? "Alhamdulillahi." Unamwambia, "Moja hadi tano." "Alhamdulillahi, mwanangu, twamshukuru Mngu." Huna pengine pa kumpeleka. Akisema vingine ataonekana anamlalamikia Mungu mbele ya mgeni.

Nikamuuliza Mutua, "Alhamdulillahi ni ngapi?"

Alifikiri. Mutua si Mwislamu, lakini ana heshima. "Hiyo ni kushukuru, si ndio? Mtu hawezi kushukuru kwa mbili. Weka tano."

Basi nikaweka tano. Salma wa chuchu zilizopasuka, tano. Bi mmoja wa Mkomani aliyekuwa na jipu kwenye ziwa, homa inamtetemesha, tano. Tukawa na wazazi walioridhika kuliko wote duniani. Daktari mkuu, ambaye tulikuwa tukimwona kwa simu zaidi kuliko kwa macho, alifurahi sana. Alisema wanawake wa Lamu wana kitu cha kufundisha ulimwengu.

Utafiti wenyewe ulihusu uwatu. Wengine huuita hulba. Ni zile mbegu za njano, chungu, ambazo kila mzazi hapa hunyweshwa ili maziwa yateremke. Daktari alitaka kujua kama kweli huteremsha maziwa, au ni maneno ya mabibi tu. Ni swali zuri. Nawaambia kabisa, swali lilikuwa zuri, na mimi niliingia kazi hiyo kwa moyo wangu wote. Sikuwa kinyume na hospitali wala kinyume na mabibi. Mabibi wengine hukosea, na wakikosea mtu hufa. Nimemwona mtoto wa jirani amefukizwa moshi wa mvuje siku tatu na kumbe ana malaria. Kwa hivyo kupima dawa ni jambo la maana. Mtu asije akasema Mwanaheri amewakataza wasichana wasisome.

Utaratibu ulikuwa hivi. Wazazi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja hupewa pakiti za nambari moja, kundi la pili pakiti za nambari mbili. Pakiti moja ina unga wa uwatu, ya pili ina unga mwengine usio na kitu, rangi ileile, umetiwa kiungo cha uchungu ili mtu asitambue. Hata sisi wasaidizi hatukuambiwa ipi ni ipi. Ni siri, wakasema, ili tusije tukawapendelea watu.

Siri! Uwatu, nyinyi mnaujua. Ukinywa leo, kesho jasho lako linanukia uwatu, mkojo unanukia, kanga, shuka, mpaka mtoto. Nilikuwa nikifika mlangoni, kabla sijasema hodi pua imeshaniambia humu mna nambari gani. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Wiki ya pili, nyumba zote zikaanza kunuka. Zote. Za nambari moja na za nambari mbili.

Nikafuata harufu, ikanipeleka kwa Bi Rukia.

Bi Rukia alikuwa mkunga Langoni kwa miaka mingi, mpaka wanawake walipoanza kuzalia hospitali. Sasa anauza barafu za ukwaju mlangoni kwake na kutazama tamthilia za Kituruki, na ole wako ubishe hodi wakati mume wa mtu anafumaniwa. Ni mgomvi. Hasahau kitu na hasamehi. Nilimkuta jikoni na sufuria ya harusi, ile ya pilau, inachemka, na kando yake rundo la pakiti zetu zimepasuliwa, moja na mbili zote pamoja.

"Bi Rukia! Mbona pakiti zote ziko kwako?"

"Wameniletea wenyewe. Watoto wa siku hizi hawajui kuchemsha."

"Lakini hizi hazichanganywi! Moja ina uwatu, nyengine haina kitu."

Akaweka upawa chini. "Haina kitu?"

"Haina. Ni unga tu. Ni ya kulinganishia."

"Ngoja nifahamu. Huyu mzazi mumpa uwatu. Na huyu, ukuta mmoya na mwenziwe, mumpa vumbi na kumwambia ni dawa?"

"Ni utafiti, Bi Rukia."

"Ni choyo. Nti hini ya Amu mzazi habaguliwi. Mmoya akipikiwa, wote wapikiwa. Miye nimetia na uwatu wangu mwengine humo, maana wenu mwembamba. Shika bakuli, mpelekee Salma, na usinimwagie."

Na mimi, msomi wa fomu foo, mtumishi wa sayansi, nilishika bakuli nikapeleka. Ungefanyaje wewe? Ukatae chakula cha mzazi? Hapa mwanamke akiwa ndani ya arobaini, sahani hutoka kila nyumba. Ukimgawia huyu na kumruka yule utasemwa mpaka wajukuu wako wasemwe. Daktari alifikiria kila kitu, mizani, vikombe vyenye mistari vya kupimia maziwa yaliyokamuliwa, mpaka kalamu nyeusi. Hakufikiria kwamba majirani hupelekeana vyakula.

Nilimwambia Mutua. Akafungua kamba ya kofia kidevuni. "Kwa hivyo kundi la pili limekunywa?"

"Limekunywa kuliko la kwanza. Bi Rukia alisema hao ndio waliodhulumiwa, akawaongeza."

"Wewe umejuaje wamekunywa?"

"Wananuka."

"Harufu haiko kwa fomu, Mwanaheri."

Akampigia Daktari. Wakazungumza muda mrefu, mimi nimekaa ngazini. Mutua alirudi na mambo mawili. La kwanza, ripotini tutaandika kwamba baadhi ya washiriki hawakuzingatia maelekezo. La pili, Bi Rukia asiingie tena nyumba yoyote iliyomo kwenye utafiti, asishike pakiti, asishike mzazi, asishike mtoto. "Wewe ni mtu wa hapa," akanambia, "wewe mwambie vizuri."

Nilimwambia vizuri. Nilisimama mlangoni kwake na fulana yangu na kumwambia mwanamke aliyenipokea mimi mwenyewe nilipotoka tumboni kwa mama yangu, kwamba haruhusiwi kuingia nyumba za wazazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akapunguza sauti ya televisheni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu.

"Nyumba zote za utafiti?"

"Zote, Bi Rukia."

"Haya."

Basi. Neno hilo moja. Akaongeza sauti.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi saba.

Nilijifungua mwanangu, Yusuf, hospitali, salama, uzito mzuri, kelele nyingi. Siku ya nne Mutua akanipigia kunipongeza. Baada ya pongezi akasema, "Mama Yusuf, tuko na upungufu wa washiriki. Wale wa sufuria wametuharibia hesabu. Wewe si sasa ni mzazi pia? Tukuandike." Nikasema niandikeni. Nilijiona wa maana. Akaniletea pakiti za nambari moja, nikamwachia mlangoni mama yangu azipokee, na kwa kuwa fomu na mizani vyote vilikuwa kwangu, ikaonekana hakuna haja ya kumsumbua mtu mwengine. Nijipime mwenyewe. Nijihoji mwenyewe.

Na kweli nilijihoji. Nilikaa kitandani, kalamu mkononi, mtoto ziwani. Umeridhika kiasi gani na unyonyeshaji wako? Mtoto alikuwa ananyonya saa nzima na hashibi, anatoka ziwani, analia, anarudi, anatoa mlio wa kugongesha ulimi kama anayesonya, na mimi nauma meno kwa maumivu mpaka machozi yananitoka. Nikajijibu: alhamdulillahi. Nikajiandikia tano.

Maziwa yangu yalikuwa mengi. Ziandikeni sentensi hizi mbili pamoja, maana ndizo ripoti nzima. Maziwa yangu yalikuwa mengi, na mwanangu alikuwa anakonda. Nilikamua nikapima kwa kikombe cha mistari, Mutua akafurahi kwenye simu: "Safi sana! Dawa inafanya kazi." Nikampima mtoto kwa mizani. Watoto wote hupungua kidogo siku za mwanzo, kisha hupanda. Wangu alipungua, akatulia, akapungua tena. Nikaandika. Nilikuwa hodari wa kuandika.

Mama yangu alisema ni tumbo. Shangazi akasema ni jicho la mtu. Bi Rukia hakuja. Nyumba ya nane kutoka kwake, na hakuja. Nilikasirika nikasema, kumbe ana roho ndogo hivyo, hata mtoto haji kumwona.

Siku moja nepi ilikuwa kavu tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Kavu kabisa. Na alipokojoa ilikuwa rangi ya chai. Nikampigia Mutua, nikamwambia mtoto anapungua, nataka kumpa maziwa ya kopo.

"Ukimpa kitu kingine utatoka kwa utafiti," akasema. "Si mimi nasema, ni masharti. Na imebaki wiki moja tu, Mama Yusuf. Vumilia. Uzito utaangaliwa wakati wa kuchambua data."

Nilivumilia siku mbili.

Msinitetee. Wengi hunitetea, eti nilikuwa mzazi mpya, eti nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na miguu. Nilikuwa na mizani. Nilikuwa mtu pekee Langoni nzima aliyekuwa na uzito wa mtoto wake umeandikwa siku kwa siku unateremka, na nikakaa, kwa sababu mtu mwenye kofia aliniambia imebaki wiki moja.

Siku ya tatu asubuhi Yusuf hakulia. Aliamka akanitazama tu, kama mtu mzima aliyekata tamaa na huduma. Nikavaa buibui, nikatoka. Siku ya ishirini na mbili, arobaini ndio kwanza imepita nusu, mzazi yuko barabarani! Kina mama walitoka milangoni. "Ee! Mwanaheri! Wenda wapi na mwana mbichi?" Sikujibu. Nilipita na viatu vya mama yangu, kimoja kimekatika, mpaka hospitali.

Nesi, dada mmoja wa bara mwenye sauti ya kuamrisha, alimchukua, akampima. Kisha akaingiza kidole chenye glavu mdomoni mwa mtoto. Yusuf akalia kidogo, na alipolia nesi akaniita. "Mama, kuja uone. Ona huu ulimi."

Ulikuwa umeshikwa chini. Kuna uzi wa nyama chini ya ulimi, sote tunao, wa kwake ulikuwa mfupi umefika mpaka nchani, na alipojaribu kuunyanyua, ulimi ulibonyea katikati ukawa kama kopa la karata. Hawezi kuutoa nje, hawezi kushika ziwa, hawezi kuvuta. Maziwa yapo, mdomo upo, hakuna kinachopita.

"Nani amekuwa akimwangalia huyu mtoto?"

"Mimi."

"Na wewe unafanya kazi gani?"

"Ni msaidizi wa utafiti."

"Wa nini?"

"Wa maziwa ya mama."

Nesi akaniletea kikombe cha kukamulia.

Walimnywesha kwanza maziwa yangu mwenyewe, yaliyokamuliwa, kwa kikombe kidogo. Daktari wa zamu akaja na mkasi mdogo, akakata ule uzi. Matone mawili ya damu. Haikuchukua muda wa mtu kuvaa viatu. Wakaniambia mweke ziwani. Nikamweka. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nikasikia anameza.

Wakati wa kurudi nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Rukia. Nilikwenda kugombana. Nilisimama pale pale mlangoni na mtoto begani.

"Bi Rukia, siku ishirini na mbili! Hata kuja kumwona mwana!"

"Uliniambia nisiingie nyumba za utafiti."

"Lakini kwangu!"

"Na kwako si ya utafiti? Nimeona pakiti zaingia kwa mato yangu haya."

Akamchukua Yusuf, akamfungua mdomo kwa kidole gumba, akatazama alipokatwa, akaguna. "Wamemkata vizuri. Nami nilikwambia."

"Hukunambia!"

"Nilikwambia. Mwaka wa kwanza wa kazi yako. Umekaa hapo hapo, ukila barafu zangu za bure. Ukaniuliza, mzazi mwana wake akiwa hashibi, mwampa dawa gani? Nikakwambia, kwanza simpi kitu. Kwanza natia kidole kinywani mwa mwana, natazama tini ya ulimi. Ukanambia, 'Bi Rukia, hiyo si mmea. Nipe mmea.' Nikakupa uwatu, ili uniondokee. Tamthilia ilikuwa yaanza."

Nilirudi nyumbani nikatoa madaftari yote chini ya kitanda. Lilikuwamo la mwaka wa kwanza. Ukurasa wa Bi Rukia nimeuandika kwa mwandiko mzuri: uwatu, mbegu, kijiko kimoja, huchemshwa. Na juu yake kuna mstari mmoja nimeukata kwa rula, lakini unasomeka. "Kidole mdomoni kwanza. Si mmea."

Wasichana, fomu ilikuwa na nafasi ya jina la mmea, sehemu ya mmea na kipimo cha mmea. Haikuwa na nafasi ya jambo lingine lolote ambalo bibi angeweza kulijua. Waliujia mti, wakauchukua mti, na yule aliyejua lini usiutumie wakamwacha na barafu zake. Na aliyemkata kwa rula ni mimi, mtu wa hapa.

Niliandika barua ya kuacha kazi, mistari miwili. Kisha nikaandika nyengine, kurasa nne, nikaeleza yote: sufuria, harufu, alhamdulillahi, ulimi. Nikapendekeza warudi kwa watoto wote ambao uzito wao haukupanda wawatazame midomo. Majina nilikuwa nayo, nyumba nazijua. Daktari alijibu kwa heshima kwamba suala hilo ni muhimu lakini liko nje ya mipaka ya utafiti huu.

Basi nikazunguka mimi na Bi Rukia, bila fulana. Yeye mbele, kidole chake kimeoshwa kwa sabuni, mimi nyuma na daftari. Mkomani tulimpata mtoto mmoja, wa kike, miezi mitatu, mwepesi kama kanga. Mama yake alisema alhamdulillahi. Bi Rukia akamwambia, "Mngu ameshasikia, sasa tuambie sisi." Akalia, akatueleza yote. Kesho yake walikuwa hospitali.

Yusuf alipofika miezi mitano tukaalikwa kusikiliza matokeo, ghorofani kwenye nyumba moja ya wageni Mkomani. Samosa, juisi, skrini nyeupe. Daktari mwenyewe amekuja, mtu mzuri kumtazama, koti la rangi ya mchanga. Bi Rukia hakualikwa. Aliingia, akakaa kiti cha mbele, akavua viatu.

Kulikuwa na jedwali la washiriki. Nikajitafuta. Mimi na mwanangu tulikuwa safu ya chini kabisa: waliojitoa kwa hiari. Mtoto wa siku ishirini na mbili, kajitoa kwa hiari yake. Kisha kukaja kuridhika kwa wazazi, mstari umepanda mpaka juu, watu wakapiga makofi. Kisha picha ya mbegu za uwatu, kubwa, zinang'aa. Daktari akasafisha koo.

Hapo ndipo Yusuf alipoona njaa. Nikamweka ziwani chini ya buibui. Nyinyi hamjamsikia mwanangu akinyonya. Anameza kama mtu anayeshusha maji ya kisima, gu, gu, gu, na katikati anashusha pumzi. Ukumbi wa mawe, dari ya juu, sauti inakwenda. Daktari akasita, akatabasamu, akaanza tena. Akasita.

Mutua akaja kwa kuinama, kofia mkononi, akaninong'oneza. "Mama Yusuf, samahani. Si unaweza kunyonyeshea pale nje kidogo? Daktari amefika kwa ile sehemu ya maziwa."

Kabla sijafungua mdomo Bi Rukia aligeuka kitini.

"Mwambie yule apunguze sauti," akasema, "mwana anakula."

Sikutoka. Nilimgeuzia Yusuf ziwa la pili, na Daktari akasimama kando ya mbegu zake akingoja amalize.